Kishikio cha Dirisha Hakivunjiki Bure

Kishikio cha dirisha kikikatika, lawama zote hukiangukia chenyewe. Tunasema ni dhaifu, ni cha siku hizi, vya zamani ndivyo vilikuwa vyuma. Tunatafuta kingine, tunakifunga, na baada ya muda kinakatika palepale kilipokatikia cha kwanza. Nimekuwa nikirekebisha madirisha ya nyumbani na ya ndugu kwa miaka mingi, si kama fundi wa kulipwa bali kama mtu anayependa dirisha lifunguke bila kugombana nalo, na kuna jambo moja ninaloliamini kiasi cha kuliandikia makala nzima: vishikio vingi hufa kwa makosa ya wengine. Bawaba imelegea, bawa limeshuka, mtambo wa ndani umekauka, rangi imejaa ukingoni, lakini kinachoshikwa na mkono ni kishikio, basi nguvu zote zinaishia hapo. Ukikibadilisha bila kujua kilichokiua, umeandaa msiba mwingine.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwenye dirisha hali si hiyo. Mzigo wa bawaba ukihamia kwenye kishikio haugeuki usufi hata kidogo.

Kwa hiyo kabla hujashika bisibisi, fungua dirisha, kisha zungusha kishikio likiwa wazi, bawa likiwa halijagusa fremu. (Nikisema bawa ninamaanisha kile kipande kinachofunguka, chenye kioo ndani yake.) Halafu funga taratibu na ukizungushe tena. Jaribio hilo ni la dakika moja na linajibu nusu ya maswali. Kama kishikio ni chepesi dirisha likiwa wazi lakini kinakuwa kizito likifungwa, mtambo ni mzima. Shida iko kwenye namna bawa linavyokaa ndani ya fremu. Kama ni kizito hata dirisha likiwa wazi, mtambo wenyewe umekauka, umejaa vumbi au una kitu kilichovunjika ndani. Na kama kinazunguka ovyo bila kusogeza chochote, ama tundu la kishikio limelika au giaboksi iliyo ndani ya bawa, yaani ile sehemu ya mtambo inayogeuza mzunguko wa kishikio kuwa msogeo wa fimbo za kufungia, imekatika.

Wenye madirisha yanayofunguka kwa namna mbili, yaani yale yanayoweza kuinama kwa ndani sehemu ya juu au kufunguka kama mlango, wawe waangalifu hapo. Mengi ya aina hiyo yana kizuizi kidogo ukingoni mwa bawa kinachozuia kishikio kuzunguka wakati dirisha liko wazi. Kimewekwa kwa usalama, ili bawa lisichomoke upande mmoja mtu akikizungusha wakati usiofaa. Kibonyeze kwa kidole kwanza, ndipo ufanye jaribio. Nimeshuhudia vishikio vizima kabisa vikivunjwa kwa sababu mtu alidhani vimekwama, kumbe kizuizi kilikuwa kinafanya kazi yake.

Kuna sababu inayofanya nilibebe jambo hili kwa uzito. Mama yangu ana baridi yabisi ya vidole. Kwa mtu kama yeye, kishikio kizito maana yake ni dirisha lisilofunguliwa. Chumba kinakosa hewa, unyevu unaganda ukutani, ukungu unaanza kwenye kona. Na mtu mzima halalamiki. Anaamini ni mikono yake iliyochoka, kumbe ni mtambo uliokauka. Dirisha la chumbani kwake halikuhitaji kishikio kipya. Lilihitaji bawaba irekebishwe na mtambo upakwe mafuta, na baada ya hapo akawa analifungua kwa vidole viwili. Tangu hapo nikienda kwa watu wazima ninajaribu madirisha yao mwenyewe badala ya kuwauliza kama yana shida, maana jibu huwa ni hapana.

Ili uelewe kwa nini kishikio huumia haraka, angalia kilivyoundwa. Aina iliyoenea zaidi kwenye madirisha ya PVC na alumini ina pini ya chuma yenye pembe nne, upana wa milimita 7, inayoingia kwenye giaboksi. Kishikio chenyewe ni wenzo. Ukisukuma kwa nguvu ya kilo 10 kwenye ncha ya kishikio chenye urefu wa sentimita 12, kona za ile pini ndogo zinabeba, zikijumlishwa, nguvu inayozidi kilo 200. Mkono hauhisi hivyo, kwa sababu wenzo umeundwa ili mkono usihisi. Ndiyo maana mtu anaweza kuvunja chuma huku akidhani amesukuma kidogo tu.

Na chuma chenyewe mara nyingi si chuma. Vishikio vingi vinavyoonekana kama chuma kilichopakwa rangi nyeupe au kahawia vimetengenezwa kwa aloi ya zinki, iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ikiwa na alumini kiasi cha asilimia 4. Ni aloi nzuri kwa kazi hiyo: inajaza umbo vizuri, ni nzito mkononi, inashika rangi. Lakini haipindi kama chuma cha kawaida kinavyopinda kabla ya kukatika, inavunjika. Pia inayeyuka kabla ya kufika nyuzi 400 za Selsiasi, kwa hiyo fundi wa kuchomelea hawezi kukuungia kishikio cha zinki kama anavyounga geti. Akikigusa kwa moto wa kuchomelea kitatiririka, na moshi wa zinki ukivutwa huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Gundi nayo haifai. Ile shingo iliyokatika ndipo nguvu yote inapopita, na gundi nzuri kiasi gani haina eneo la kutosha la kushika. Kikishakatika, badilisha.

Lakini usikitupe bado, maana pale kilipokatika pana habari. Ukiona uso wa mkato wote una chembechembe za kijivu zinazong'aa, kimekatika kwa mara moja: mtu alilazimisha, au kitu kizito kilikigonga. Ukiona sehemu ya mkato ni nyeusi na chafu na sehemu nyingine inang'aa, ufa ulikuwepo siku nyingi ukikua kidogo kidogo, na ile sehemu inayong'aa ndiyo iliyobaki kushikilia mpaka mwisho. Kishikio hicho kilikuwa kinabeba mzigo kila siku, na dirisha lako linahitaji uchunguzi. Ukiona tundu la pembe nne limeviringika, kilikuwa kinacheza kwa muda mrefu, na mara nyingi chanzo ni skrubu zilizolegea ambazo hakuna aliyezikaza. Hili la skrubu linastahili kusemwa kwa sauti: kishikio kinachocheza si lazima kiwe kibovu. Chini ya kile kifuniko chake kuna skrubu mbili, na kuzikaza mapema kunaokoa kishikio na pini kwa pamoja.

Sasa turudi kwa bawa lililoshuka, kwa kuwa ndilo ninalolikuta mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Kioo ni kizito kuliko tunavyofikiri. Kila mita moja ya mraba ya kioo ina uzito wa kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene. Dirisha lenye vioo viwili vya milimita 4, ukubwa wa mita moja ya mraba, limebeba kilo 20 za kioo peke yake, na zote zinaning'inia upande wa bawaba. Miaka ikipita, kona iliyo mbali na bawaba inashuka. Ulimi unaotoka kwenye bawa unakutana na ukingo wa kipokezi, kile kibamba cha kwenye fremu kinachoupokea, badala ya tundu lake. Mwenye nyumba anasukuma kishikio kwa nguvu zaidi, ulimi unalazimika kuinua bawa zima kila mara dirisha linapofungwa, na kishikio kinageuka kuwa jeki.

Dalili zake zinaonekana kwa macho. Funga dirisha na uangalie nafasi kati ya bawa na fremu pande zote: ikiwa juu upande wa kishikio ni pana na chini ni nyembamba, limeshuka. Angalia pia kama kona ya chini ina mchubuko, na kama vipokezi vina alama za kukwaruzwa upande mmoja. Madirisha mengi yanayofunguka kwa namna mbili yana skrubu ya kurekebisha kwenye bawaba ya chini, inayozungushwa kwa ufunguo wa alen wa milimita 4. Robo mzunguko, funga, jaribu. Robo nyingine, funga, jaribu. Kuna raha ya kweli pale kishikio kinapoacha kulalamika.

Kwenye mabawa ya PVC yasiyo na skrubu ya aina hiyo, dawa iko ndani zaidi. Kioo kinatakiwa kiegemezwe kwa vipande vidogo vya plastiki kwenye kona mbili zinazokabiliana kimshazari: chini upande wa bawaba, na juu upande wa kishikio. Hapo kioo chenyewe kinakuwa nguzo ya kuzuia bawa lisilale. Vipande hivyo vikihama au kama havikuwekwa tangu mwanzo, bawa linapinda na kushuka. Kuvirudisha kunahitaji kutoa vibanio vya kioo, na kwa kioo kikubwa ningekuomba umwite fundi anayejua kazi hiyo, au angalau uwe na msaidizi. Kioo cha kilo 20 kikiteleza hakikupi muda wa kufikiri.

Visababishi vingine nitavipitia haraka. Mbao huvimba wakati wa unyevu. Usikimbilie kuiranda, ngoja ikauke, kisha randa kidogo na upake rangi palepale, kwa sababu mbao iliyo wazi itanyonya maji upya. Rangi iliyopakwa juu ya rangi kwa miaka hujaza nafasi ya fremu za chuma mpaka dirisha likawa linafungwa kwa kulazimishwa. Ikwangue kwenye mikunjo. Kama nyumba ni ya zamani sana, lowesha rangi hiyo maji kwanza na uvae barakoa, usiipige msasa mkavu, kwa sababu rangi za zamani nyingi zilikuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu hasa kwa watoto. Mpira wa kuzuia upepo ukikakamaa nao husukuma bawa nje. Na kwenye madirisha yenye vigoroli vinavyoteleza ndani ya vipokezi, vigoroli vingi vina kitovu kilichokaa pembeni kidogo: ukivizungusha, mbano unaongezeka au kupungua. Mtu akivikaza sana ili kuzuia upepo, kishikio ndicho kitakacholipa.

Ukishajua sababu na kuiondoa, ndipo uchague kishikio kipya. Hapa vipimo ndivyo kila kitu, na umbo au rangi vinafuata baadaye sana. Kwa aina ya pini ya pembe nne, pima umbali kati ya katikati ya skrubu moja na katikati ya nyingine. Mara nyingi utakuta milimita 43, lakini pima, usibahatishe. Kisha pima pini yenyewe: upana wake, na urefu wake kuanzia chini ya bamba la kishikio mpaka ncha, yaani ile sehemu inayojitokeza tu. Watu wengi hupima pini nzima baada ya kuichomoa na kuishia na nyingine isiyofaa. Pini fupi itashika giaboksi kwa ncha tu na kuilia tundu. Pini ndefu itagonga nyuma, bamba la kishikio lisikae sawa, na ukikaza skrubu utakuwa unalivunja taratibu. Pini ndefu hata hivyo inaokolewa kwa msumeno wa chuma na tupa. Ikate, kisha lainisha kingo zake, maana mabaki ya chuma yaliyobaki kwenye ncha yatakwaruza giaboksi.

Kishikio chenye ulimi unaopanda juu ya fremu, kile kisicho na pini wala giaboksi, kina kipimo chake cha pekee: urefu kutoka chini ya bamba mpaka chini ya ulimi. Kwa kawaida ni kati ya milimita 9 na 21. Tofauti ya milimita 2 tu inatosha kufanya ulimi usifike au dirisha libaki linapiga kelele upepo ukivuma. Aina hii ina cha kulia na cha kushoto, na kosa hilo linagunduliwa mtu akiwa amekwisha toboa. Simama ndani ya chumba, tazama dirisha, na uandike bawaba ziko upande gani kabla hujaenda kununua.

Madirisha ya chuma yenye vioo vidogo vidogo ninayapenda kuliko yote, na yanaudhi kuona yakitupwa kwa sababu ya kishikio. Kishikio chake mara nyingi ni cha shaba ya manjano au chuma, kizito, na ulimi wake huwa na ngazi mbili: moja ya kufunga kabisa, nyingine ya kuacha upenyo mdogo wa hewa usiku. Kinachochakaa hapo sana si kishikio bali kile kibamba kilicho kwenye fremu ambacho ulimi unapanda juu yake. Ukikuta kina mfereji uliochimbwa na ulimi, badilisha kibamba kwanza. Kishikio kinaweza kuwa na miaka mingi mingine mbele yake. Ikiwa kimefungwa kwa ribiti badala ya skrubu, toboa kichwa cha ribiti kwa drili, isukume nje, kisha tumia skrubu yenye nati au kata nyuzi mpya kwenye chuma.

Kwenye madirisha ya luva, wenzo wa kufungulia hukatika kwa sababu vishikizo vya vioo vimejaa vumbi na kila kioo kinakataa kuzunguka. Osha kwa maji ya sabuni na brashi, kausha, pulizia silikoni. Usitumie grisi hapo, itakusanya vumbi zaidi. Kwenye madirisha ya kuteleza, komeo la mwezi mchanga likiacha kukutana na mwenzake, chungulia magurudumu yaliyo chini ya bawa kabla ya kulaumu komeo. Mengi yana skrubu ya kuinua bawa pembeni chini. Na kwa yale ya kuzungusha kwa mkono wa kupinda, angalia meno ya mhimili. Ikiwa meno yaliyolika ni ya ndani ya kishikio tu, kishikio kipya kinatosha, mradi unene wa mhimili uwe sawa, kwani kuna wa karibu milimita 8 na wa milimita 9.5. Ikiwa mhimili nao umekuwa laini, badilisha mtambo mzima, la sivyo kishikio kipya kitalika kama cha kwanza.

Wanaoishi karibu na bahari wana adui wa ziada, chumvi. Ukipata nafasi ya kuchagua, angalia kama kifaa kimepimwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 1670, ambacho huweka vifaa vya milango na madirisha kwenye ukungu wa maji ya chumvi kwa muda maalumu: saa 96 kwa daraja la 3, saa 240 kwa la 4, saa 480 kwa la 5. Mimi ningechukua la 4 kwenda juu kwa dirisha linalotazama maji.

Kutoa kishikio cha zamani ni kazi fupi ikiwa skrubu zina heshima. Zungusha kishikio mpaka kilale, inua kidogo kifuniko cha plastiki kwa ukucha, kigeuze robo mzunguko, na skrubu mbili zitaonekana, moja juu na nyingine chini. Angalia vizuri vichwa vyake. Ukiona mistari midogo minne ya ziada kati ya mikono ya msalaba, skrubu hiyo inataka bisibisi ya PZ2 (Pozidriv namba 2). Bisibisi ya msalaba wa kawaida itaingia, itaonekana inashika, kisha itaruka na kuviringisha kichwa. Piga picha kabla ya kutoa chochote, na ukishatoa kishikio usiizungushe pini wala usihamishe mtambo. Unataka kipya kiingie katika hali ileile ambayo cha zamani kimetoka.

Skrubu iliyokwama inataka subira. Skrubu ya chuma kisichoshika kutu ikikaa miaka ndani ya alumini penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa na kuacha unga mweupe unaobana nyuzi zote. Dondoshea mafuta yanayopenya, nenda ukafanye kazi nyingine, urudi. Gonga kichwa cha skrubu kwa nyundo ndogo ukiwa umeweka bisibisi ndani yake. Mtikisiko hupasua ule unga. Jaribu kuikaza kidogo kabla ya kuilegeza. Ikikataa, toboa kichwa chake kwa drili, utoe kishikio, kisha ushike shina lililobaki kwa koleo. Usitumie moto kwenye PVC wala karibu na kioo. Na hapa niseme jambo kuhusu mafuta ya kupulizia: WD-40 ilibuniwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu, na kwa kulegeza skrubu ninaitegemea. Lakini kama kilainishi cha kudumu cha mtambo wa dirisha haitoshi, huondoka mapema. Mtambo unataka grisi nyepesi au mafuta ya cherehani kwenye sehemu za chuma zinazoteleza, na silikoni kwenye mipira.

Kabla ya kufunga kipya, kizungushe kilale kama kile cha zamani kilivyolala, maana vingi hutoka kwenye boksi vikiwa katika hali ya kufungwa. Ingiza pini, hakikisha bamba limekaa bapa bila kusukumwa, kisha anza skrubu zote mbili kwa mkono. Skrubu yenye unene wa milimita 5 inatakiwa iingie kwenye nyuzi angalau milimita 5. Fupi zaidi ya hapo itang'oka, na ndefu kupita kiasi inaweza kuzuia fimbo inayoteleza ndani ya bawa. Dalili ya skrubu ndefu ni kishikio kilichokuwa chepesi kabla ya kukaza na kizito baada ya kukaza. Toa skrubu, ifupishe au tafuta nyingine. Kaza kwa bisibisi ya mkono, usitumie drili: plastiki na alumini nyembamba havikuonyi kabla nyuzi hazijakatika. Paka grisi kidogo kwenye skrubu kabla ya kuiingiza, na atakayekuja kuifungua miaka ijayo hatahangaika na nyundo.

Tundu lililochakaa lina tiba kulingana na fremu. Kwenye mbao, jaza kijiti cha mbao ngumu kilichopakwa gundi, kiache kikauke, toboa upya tundu dogo. Kwenye alumini au PVC, nati ya ribiti, yaani nati inayobanwa ndani ya tundu kama ribiti, inakupa nyuzi mpya za chuma. Kuweka skrubu nene zaidi ni njia ya mkato ninayoikubali mara moja tu kwa tundu moja.

Suala la funguo haliwezi kupuuzwa. Kishikio chenye ufunguo kinazuia mwizi na kinazuia mtoto, lakini kinaweza kumfungia mtu ndani siku ya moto. Katika chumba cha kulala ambacho dirisha ndilo njia ya pili ya kutokea, ufunguo ukae kwenye ndoano karibu na dirisha, mahali ambapo mtu mzima anaupata gizani, mtoto mdogo haufikii, na mkono uliovunja kioo kutoka nje nao haufikii. Kila anayelala chumba hicho aoneshwe ulipo. Na kwa watoto wadogo, kishikio peke yake hakitoshi, hata kiwe cha ufunguo, kwani siku ya joto dirisha litafunguliwa. Weka kizuizi kinachoruhusu upenyo usiozidi sentimita 10. Jiji la New York lilianza mwaka 1976 kuwalazimisha wenye majengo ya kupangisha kuweka vizuizi vya madirisha kwenye nyumba zenye watoto wa miaka 10 na chini, kutokana na watoto waliokuwa wakianguka na kufa. Waya wa wadudu si kizuizi. Unashika mbu, haumshiki mtoto aliyeegemea.

Ukimaliza, andika kwenye karatasi vipimo vyote: umbali wa skrubu, urefu wa pini inayojitokeza, urefu wa ulimi, kulia au kushoto. Iweke pamoja na skrubu nzima ulizozitoa. Madirisha ya nyumba moja kwa kawaida yalifungwa wakati mmoja na yana vishikio vya aina moja, kwa hiyo kipimo cha dirisha moja mara nyingi kitafaa kwa mengine, na umri wa kimoja ndio umri wa vyote. Fanya lile jaribio la wazi na la kufungwa kwa kila dirisha siku hiyohiyo, ukiwa bado na grisi mkononi. Na kama ulichopata dukani kinalingana kabisa na cha zamani, chukua na cha akiba, kwa sababu viwanda hubadilisha miundo, na tundu la skrubu lililohama milimita 5 litakulazimisha kutoboa bawa upya.